Ndege Iko na Nani?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika maisha yangu ya urubani, mwanangu, haikuwa siku ya dhoruba wala ya injini kuzima. Ilikuwa Jumapili tulivu, jua la saa sita, mbingu safi kama bakuli lililooshwa, na kilichokaribia kutuua kilikuwa mkanda wa ngozi wa kiondo.

Unacheka. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Nimestaafu, naishi hapa Kangundo na mibuni yangu na miparachichi michache, asubuhi nakunywa chai barazani bila kuangalia saa, na moyo wangu umetulia. Lakini jana mjukuu wangu Mwende alikuja kuniaga. Amemaliza masomo ya urubani, na Jumatatu anaanza kazi ya rubani msaidizi. Alikaa mbele yangu na simu mbili mezani, moja inalia, nyingine inatetemeka, naye anazijibu zote huku akinywa chai na kunisikiliza kwa sikio moja. Chai ikamwagika kwenye sketi. Hapo nikamwambia aziweke kando nimhadithie habari ya Susu na kiondo chake. Na kwa kuwa umekaa kunisikiliza, nitakuhadithia na wewe, maana si marubani peke yao wanaohitaji kuisikia.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeajiriwa kuendesha ndege ndogo ya viti vinne kwenye ranchi moja upande wa Konza, zamani kabla mtu yeyote hajaota kwamba nyika ile ingejengwa mji wa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka juu ya malisho kutafuta ng'ombe waliopotea, kumbeba daktari wa mifugo, na kuleta vipuri. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa ameigusa ndege, sembuse kuiendesha, kwa hiyo waweza kukisia jinsi kichwa changu kilivyovimba. Nilivaa miwani ya jua hata ndani ya kanisa.

Susu ndiye aliyenilea. Susu ni bibi kwa Kikamba, mama yake mama yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache, na mikono yake haikujua kupumzika, kwa sababu alisuka viondo, vile vikapu vya katani. Akipanda mlima na mtungi wa maji mgongoni, anasuka. Akienda sokoni, anasuka. Akina mama wa rika lake walikuwa hivyo wote: nyuzi za katani zimening'inia kifuani, miguu inatembea, mdomo unaongea, vidole vinasuka. Nilidhani yule mama anafanya mambo matatu kwa wakati mmoja, na nilimhusudu kwa hilo. Nilikuwa nimekosea, na nilikaribia kulipia kosa hilo kwa roho tatu.

Jambo jingine ulijue kuhusu Susu. Alipokuwa radhi nawe aliongea Kikamba. Akikasirika alihamia Kiswahili chake cha sokoni, ili ujue kwamba kwa sasa wewe si mjukuu, ni mteja aliyemkosea.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Siku moja akaniambia kwamba angependa kuliona boma lake kutoka juu, mara moja tu, kabla ukungu haujafunga kabisa. Nani angemkatalia? Nilimwomba mwenye ranchi, akaniruhusu kuichukua ndege Jumapili ile baada ya ibada. Susu akaja na Mjomba Kioko, mwanawe wa mwisho, katekista, mtu mnene mwenye sauti nene na moyo mwembamba kama karatasi. Na kiondo, bila shaka. Susu alikuja na kiondo kimoja kilichokwisha kusukwa, chenye mkanda mrefu wa ngozi, na ndani yake kile alichokuwa akikisuka.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Habari zilikuwa zimeenea. Wachungaji wa ranchi, wake zao, hata nusu ya kwaya ilikuwa imekuja kutazama kijana wa Kangundo akimrusha bibi yake. Walipiga vigelegele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami siku ile nililitia debe zima. Nilimketisha Susu mbele upande wa kulia, Mjomba nyuma, nikaufunga mlango wa Susu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwapungia watu. Mwalimu wangu alikuwa amenifundisha kuupitisha mkono kuuzunguka mlango kabla ya kuondoka, kuhakikisha hakuna kilichobanwa. Inachukua muda wa kupiga chafya. Lakini ningepungaje mkono?

Tuliruka vizuri. Tulielekea kaskazini, mji wa Machakos mbele yetu, vilima vya Mua kushoto, vile virefu vya Iveti kulia, na njia yetu ikipita katikati kuelekea nyumbani. Mjomba alikuwa akisali kwa sauti. Susu alikuwa tayari ameanza kusuka. Ndege ilipokuwa ikishika mwendo, nikasikia: ta-ta-ta-ta-ta! Kana kwamba mtu yuko nje na rungu, anapiga bati.



"Mutiso, kuna kitu inagonga!" Mjomba akapiga kelele.

"Inatoka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Si wewe ndio dereva?"

Hapa lazima nikuambie habari ya baba yangu, maana bila yeye hutaelewa upumbavu wangu. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga pale sokoni, na mimi nilikulia kwenye vumbi la mahindi. Mashine ikigonga, Baba hakufungua kitabu wala hakumwita fundi. Aliipunguza nguvu polepole, akainamisha kichwa, akatega sikio, na akakuambia ni ukanda, ni beringi, au ni jiwe limeingia na mahindi. Alinifundisha hivyo hivyo. Soko lote liliniita daktari wa mashine nikiwa bado na suruali fupi. Basi nikafanya nilichokijua: nikakivuta kile kirungu cha kuongeza nguvu ya injini, nikaipunguza, nikatega sikio.

Na ile kelele ikapungua! Nikajipongeza. Nikasema, ahaa, ni injini. Kumbe kelele ilipungua kwa sababu mwendo ulipungua na upepo ukapungua, basi. Lakini mtu aliyekwisha kupata jibu haulizi tena. Mashine ya unga ukiipunguzia nguvu inabaki palepale sokoni, imesimama juu ya saruji. Ndege ukiipunguzia nguvu inaanza kwenda chini, na mkono wangu wa kushoto, bila mimi kuujua, ulikuwa ukivuta usukani kuizuia isishuke, na mwendo ukawa unakwisha.

Nikaikagua mishale yote ya vipimo vya injini, mmoja baada ya mwingine. Mafuta sawa. Joto sawa. Nikaita kwenye redio, sikujibiwa, nikaita tena. Nikageuka nyuma kupitia bega la kulia nimwambie Mjomba achungulie mkia.

"Angalia mkia! Iko sawa?"

"Mkia iko! Lakini inagonga bado!"

Nilipogeuka kulia, mkono uliokuwa kwenye usukani uligeuka nami. Ndege nayo, mtiifu kama punda, ikageuka kulia kuelekea Iveti. Sikuona. Nilikuwa nikitafuta kelele.

Kisha ikaanza kelele ya pili, nyembamba, kama mbuzi mchanga anayemlilia mama yake. Leo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekuambia kwamba hiyo ni sauti ya ndege ikisema mwendo umekwisha, shusha pua upesi au tutaanguka. Nilikuwa nimeifanyia mtihani sauti hiyo na nikapita. Lakini siku ile niliihesabu kama ugonjwa mwingine wa mashine, nikaiinamia dashibodi nikitafuta inakolilia. Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi nilikuwa nimejifungulia nne.

Ndipo Susu aliponigusa kiwiko. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiswahili cha sokoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mutiso. Hii ndege iko na nani?"

Nikainua kichwa. Mbele yangu hakukuwa na mbingu. Kulikuwa na mlima. Niliona mikalitusi, niliona mwamba wenye doa jeupe, niliona mbuzi wakikimbia huku na huku. Kama Susu mwenye ukungu machoni alikuwa ameuona mlima ule, ujue tulikuwa karibu kiasi gani. Niliogopa, mwanangu. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nimemuua Susu.

Lakini swali lake lilikuwa limenizindua. Ndege iko na nani? Iko na mimi. Nikashusha pua, jambo ambalo mwili wote ulikataa kwa sababu chini kulikuwa na miti, nikaisukuma injini nguvu zote, nikangoja mwendo urudi, nikaikunja kushoto kuelekea bondeni. Miti ilipita upande wa Susu. Ile kelele nyembamba ikanyamaza. Ile ta-ta-ta ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kwa mara ya kwanza nikaiacha igonge. Iligonga njia nzima ya kurudi Konza. Mimi nilikuwa nikiendesha ndege.

Tulipotua, watu walikuwa bado pale, wakapiga vigelegele tena, wakidhani ndiyo safari yenyewe. Nilishuka, nikazunguka upande wa pili. Mkanda wa kiondo ulikuwa umebanwa mlangoni, futi nzima ya ngozi nje, na pale ulipokuwa ukipiga, rangi ya ndege ilikuwa imechubuka kiasi cha kiganja. Injini haikuwa na lolote. Mkia haukuwa na lolote. Tungeweza kuruka hadi Mombasa na kurudi na ule mkanda ukigonga, tusipungukiwe na chochote ila usikivu.

Mjomba alishuka, akauangalia mkanda, akaniangalia mimi, akaenda kukaa kwenye gari lililowaleta.  Susu alikaa kwenye nyasi kando ya gurudumu, akavuta uzi, akaendelea kusuka. Nilichuchumaa mbele yake.

"Susu, nilidhani ni injini..."

"Sikuuliza injini." Bado Kiswahili. "Nikitembea na hii kiondo, wewe unaona nafanya nini?"

"Unatembea na unasuka."

"Apana. Natembea. Kusuka inanifuata tu. Uzi ikikatika kwa barabara, mimi siwezi inama hapo katikati nitafute, na ng'ombe zinakuja. Nashika mdomo ya kiondo hivi, natoka kwa barabara, nakaa chini. Hapo ndio natafuta uzi."

"Na kama uzi umepotea?"

Akanitazama kama mtu anayejiuliza ada ya shule ilikwenda wapi.

"Si ipotee! Mimi si niko?"

Niliinamisha kichwa. Machozi yalinitoka mbele ya kwaya, miwani ya jua ikanisaidia kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Nilikuwa nimehitimu, nilikuwa na cheti chenye muhuri, na hapa mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amenifundisha kazi yangu kwa nyuzi za katani. Nilidhani nitaambiwa niache urubani nikasage unga. Susu akakusanya nyuzi zake, akasimama, akajikung'uta nyasi, na alipofungua mdomo alikuwa amerudi kwenye Kikamba, lugha ya kuwa radhi.

"Haya. Bado sijaiona nyumba yangu. Twende."

Mjomba alisema kutoka garini kwamba yeye ameshaona ya kutosha.

Safari hii niliikagua ndege yote kuanzia pua. Nikamketisha Susu, kiondo nikakiweka mapajani pake, mkanda ndani, mlango nikaufunga, kisha nikaupitisha mkono kuuzunguka, juu, pembeni, chini. Watu walipunga. Sikuwapungia. Tukapita katikati ya Mua na Iveti, juu kabisa, hadi tukaiona Kangundo: mabati yanang'aa, mashamba ya ngazi yamekatwa ubavuni mwa vilima, kahawa kijani kibichi, na boma letu na ule mti wa mparachichi ulioegemea choo. Nilizunguka taratibu upande wake ili alione vizuri.  Nilimtupia jicho mara moja tu, halafu nikarudi kwenye kazi yangu, lakini nililoliona lilinitosha maisha. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kiondo. Sikuwa nimewahi kuiona ikipumzika, hata msibani. Alikuwa akiangalia nyumbani kwake, na hilo tu ndilo alilokuwa akilifanya.

Baadaye aliukata ule mkanda uliochakaa akanipa, akashona mwingine. Nilirusha ndege kwa miaka zaidi ya thelathini na mkanda ule ukakaa kwenye mkoba wangu. Kuna mara moja, nikiwa nahodha na watu wamejaa nyuma, alama ya hatari ya mlango wa mizigo ilijitokeza mbele yetu na mwenzangu kijana akaiinamia. Nami nikajikuta nainama. Vichwa vyetu vilikaribia kugongana! Nikajirudi, nikamwambia, "Wewe shika ndege, usiiachie, usiangalie kitu kingine. Hili niachie mimi." Tulipotua, mafundi walikuta ni waya tu. Angalau tulikuwepo kuambiwa kwamba ni waya.

Jana Mwende alinisikiliza mpaka mwisho, simu zimelala kifudifudi. Kisha akanitania, maana ni mjukuu na ana haki, akiniita Umau, yaani babu kwa Kikamba. "Umau, lakini ndege yangu iko na kompyuta tatu. Inajiendesha karibu yenyewe."

"Basi utakuwa na watu watatu wa kukugongea bati," nikamwambia.

Alicheka, lakini nilimwona akiwaza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaizungusha. Siku jambo litakapoharibika mikononi mwako, lile lenye kelele litakuita kuliko lile lenye uzito. Mlima hauna sauti. Mtoto anayenyamaza kwa huzuni mezani hana sauti, na simu inayo. Mke aliyechoka hana sauti, na ugomvi wa jirani unayo. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi inayoponyoka ni ile uliyokabidhiwa. Kwa hiyo kitu kikianza kugonga, usikimbilie kukitafuta, hata kama wewe ni daktari wa mashine wa soko zima. Jiulize kwanza swali la Susu: kilicho cha uhai hapa kiko na nani? Kama kiko nawe, kishike sawasawa. Toka barabarani. Ukiwa na mwenzako, mgawane, mmoja ashike, mwingine atafute, na mwambiane wazi nani ameshika nini. Ukiwa peke yako, kelele ingoje. Na usione haya kuulizwa na mtu asiyejua kazi yako. Mimi niliokolewa na abiria.

Wala usidhani kwamba nimehitimu somo hili. Mwezi uliopita nilipokea simu nikiwa napogoa mibuni, nikakata tawi lililokuwa na maua. Nilisimama na lile tawi mkononi nikamwomba Susu msamaha.

Mwende alipoinuka kuondoka, niliutoa mkanda ule kwenye msumari ulio kando ya mlango wangu. Umekauka, ncha yake imeparara pale ulipokuwa ukipiga bati. Nikamwekea kwenye mkoba. Kisha nikamtemea mate kifuani kumbariki, kama nilivyotemewa na wazee wangu, naye hakujifuta.

Nawe pia, mwanangu, popote ulipo na chochote ulichokabidhiwa, nakuombea hivi: Mungu akupe mkono usiotetemeka na jicho linalouona mlima mapema. Akupe mtu wa kukugusa kiwiko, na akupe unyenyekevu wa kumsikia. Ufike uendako, na ukifika, mikono yako ipate kupumzika ukiangalia nyumbani kwako. Nenda salama. Na ukisikia kitu kinagonga, kiache kwanza kigonge.